Homa Iliposhuka

Assalamu alaikum, mama zangu, baba zangu na vijana wenzangu wa kikundi. Haya nimeyaandika kwenye karatasi, maana nikiwatazama usoni maneno yatakimbia. Naomba nisome polepole.

Mwaka jana, msimu wa kupulizia mikorosho, nilitoka hapa Mbekenyera nikaenda Chiola, kule Nachingwea, nikafikia kwa mama mdogo. Tulikuwa vijana watatu. Tulipuliza unga wa salfa kwa mashine za kubeba mgongoni, na siku nyingine dawa ya maji. Maji ya kuchanganyia tuliyaweka kwenye mapipa pale shambani, safi kabisa, hata sisi tulikunywa. Mbu walituuma mchana, hatukujali. Tulijua mbu wa kuogopa ni wa usiku, na usiku tulilala ndani ya chandarua.

Siku moja kichwa kikaniuma, macho yakauma kwa ndani, viungo vyote kama nimepigwa. Wenzangu wakacheka.

"Salfa imekulewesha wewe!"

"Mpeni maziwa huyo, hajazoea mashine."

Ndugu zangu, nani hapa hajui salfa inavyochoma macho? Nikaamini. Nikanywa maziwa. Homa ilipopanda nikanunua dukani dawa za maumivu, zile kali, nikameza, nikalala kwa mama mdogo siku kadhaa.

Kisha asubuhi moja nikaamka mwili umepoa. Nikafurahi sana! Kupiga mswaki, nikatema damu. Tumbo likanikata, nikatapika. Hata hivyo nikavaa buti na kubeba mashine, shamba la watu lilikuwa halijaisha.

Mama mdogo akashika mkanda wa mashine. "Iteremshe, baba."

"Mama, nimepona. Nishike uone, sina homa."

"Homa imetoka, lakini wewe hujarudi. Teremsha!"

Sijawahi kubishana naye, ila siku ile nilibishana. Hakuachia mkanda. Akaita bodaboda, akanipakia katikati, yeye akanishikilia kwa nyuma mpaka hospitali mjini Nachingwea.

Nilipimwa malaria, sina. Wakapima tena, wakasema ni dengue, homa inayoletwa na mbu wa mchana. Muuguzi akaniuliza nimemeza dawa gani, nikamwonyesha.

"Hizi acha sasa hivi, zinaongeza kutokwa na damu. Na ungeenda shambani leo, ungeletwa hapa umebebwa. Ugonjwa huu, kwa wengine, hatari huanza homa ikishuka."

Nilitundikiwa dripu, nikachungwa usiku na mchana. Alhamdulillahi, nilitoka kwa miguu yangu.

Nilipopata nguvu nilirudi shambani, nikachungulia pipa. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinacheza kwenye maji yale safi! Tukamwaga, tukasugua kuta za ndani, maana mayai yanaganda pale, tukafunika kwa shuka na kufunga kamba. Wapita njia wakatania, "Pipa hilo linaolewa lini?"

Mimi huyu mwenye aibu nikajibu, "Likiolewa mtakula pilau. Likikaa wazi mtatundikiwa dripu."

Namshukuru mama mdogo kwa mkono wake usioachia. Namshukuru yule kijana wa bodaboda, na wauguzi. Nanyi wanakikundi, mliokwenda kumvunia mama yangu ufuta nikiwa nimelazwa, Mungu awalipe.

Msimu umefika tena. Funikeni mapipa. Homa si salfa, nendeni mkapimwe kabla ya kumeza cha dukani. Na mgonjwa wenu akiamka mwili umepoa, msimpe hongera bado. Mtazameni usoni, muulizeni tumbo, na akishika mashine, shikeni mkanda.