Kuzma Balarin na Mafuta ya Kaka Yake

Kuzma Balarin, mwana wa Jeronim aliyepanda upya mizeituni baada ya baridi kuu, mjukuu wa Mate aliyeng'oa mizabibu yote iliyougua mizizi na kuotesha mingine kwa mikono yake, kitukuu wa Frane aliyekusanya mawe ya mlima wa Zagradac akajenga kuta zinazoshikilia shamba letu mpaka leo: huyo ndiye tunayemzika. Kwa zaidi ya miaka sitini aliitunza divai nyeusi ya Balarin na mafuta ya zeituni ya Balarin. Wanaomjua kwa zile chupa zenye medali wamemjua nusu. Mimi Perina, dada yake, nimeombwa niisome na hiyo nusu nyingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 26 Septemba 1938, siku ya Mtakatifu Kuzma, hapa hapa Zagradac, kisiwani Brač, akiwa mtoto wa pili wa Jeronim na Vica. Zabibu zilikuwa zimeiva. Mama alichuma mpaka adhuhuri, jioni akajifungua. Bibi yetu alimtazama mtoto, akaitazama mikono yake mwenyewe iliyojaa maji ya zabibu, akasema, "Umechagua siku wewe! Nikushike na nini sasa?" Aliyemtangulia ni kaka yetu Antun, aliyezaliwa 1933. Mimi nilifuata mwaka 1941.

Shule aliianzia jangwani. Vita vilipofika visiwani mwaka 1944, watu wetu walipakiwa melini wakapelekwa Misri, wakakaa kwenye mahema, na Kuzma akajifunza kuandika herufi mchangani kwa kijiti. Mama alikuwa ameondoka na chupa moja ya mafuta ya nyumbani, ameifunga ndani ya sketi. Kila Jumapili baada ya misa alimchovyea kila mtoto kipande cha mkate. Antun alikuwa anakinusa chake kwanza, anafumba macho, ananusa tena, ndipo anakula. Kuzma alikuwa anakimeza chake mara moja halafu anakikodolea macho cha mwenzake.

"Macho yatakudondoka," Antun akamwambia siku moja. "Haya, ng'ata kona hii. Kona tu, mlafi wewe!"

Tulirudi mwaka 1946. Kuzma alisoma shule ya kijiji mpaka darasa la nne, sawa na mimi, ila mimi nilikuwa nasoma vizuri kuliko yeye, na hakuwahi kulikana hilo.

Wazee wenzangu hawahitaji kuelezwa yale mafuta yalikuwaje. Nawaeleza vijana. Kinu kilikuwa kimoja kwa vijiji vitatu, na kila nyumba ilingoja zamu yake, pengine mwezi mzima. Ili zeituni zisioze tulizitumbukiza kwenye maji ya bahari. Mafuta yake yalikuwa mazito, yana chumvi kwa mbali, yananuka gunia lililolowa. Leo wataalamu wanasema ni mafuta mabovu, na hawasemi uongo. Lakini ndiyo tuliyolelewa nayo, na ndiyo mama aliyotupaka kifuani tulipokohoa.

Februari 1956 ikaja ile baridi. Mizeituni ilipasuka usiku, tukaisikia tukiwa kitandani. Shamba likawa halitoshi midomo yote, na Oktoba 1957 Antun akaenda kwa mjomba wetu Punta Arenas, Chile, kusini kabisa, kwenye kondoo na upepo, ambako mzeituni hauoti. Kuzma alimbebea sanduku mpaka bandarini Supetar. Antun akamwambia, "Nitakuja tuchume wote." Alikuja mara moja, mwaka 1979, mama alipofariki, na alikuta kaburi limeshafunikwa. Baada ya hapo kilichomzuia kilikuwa kwanza watoto, halafu vita huku kwetu, halafu miguu iliyochoka.

Kuzma alibaki na baba, wakapanda upya. Hakuwahi kulalamika kwamba yeye ndiye aliyebaki, lakini akiwa kwenye ngazi juu ya mti, mtu akipita njiani na sanduku, alikuwa anaacha kuchuma mpaka amwone uso.

Tarehe 12 Februari 1966 alifunga ndoa na Dobrila, binti wa ng'ambo ya mlima. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, binti Lukra na mwana Mate. Ilikuwa ndoa ya maneno mengi na kicheko kingi. Kuzma akionja divai mpya, akila dagaa wa chumvi, akivunja tini kavu, lazima aseme, "Antun angeipenda hii." Dobrila akamjibu siku moja mbele ya wageni, "Mimi niliolewa na wanaume wawili, mmoja yuko Chile. Na bahati yangu mbaya, huyo wa Chile ndiye asiyenichafulia sakafu." Dobrila alitangulia mbele ya haki mwaka 2014. Tangu siku hiyo Kuzma alikuwa anavua viatu mlangoni.

Kazi yake mnaifahamu. Mwaka 1994 alitia divai yetu kwenye chupa zenye jina la ukoo kwa mara ya kwanza. Mwaka 2006 tulinunua kinu chetu, na Lukra, aliyekuwa amesomea uonjaji wa mafuta kule mjini Split, akashika usukani. Zeituni zikawa zinachumwa asubuhi, zinakamuliwa kabla jua halijazama. Mafuta yakawa ya kijani, yananukia majani mabichi, na yakipita kooni yanawasha, ndiyo alama ya mafuta mema. Mwaka uliofuata yakapata medali. Kuzma alitembea kijiji kizima nayo mfukoni. Kisha akamtumia Antun kopo moja, akangoja simu.

Simu ikaja. Nilikuwa jikoni, nikasikia yote, maana Antun alikuwa anapiga kelele kama mtu anayetaka sauti ivuke bahari yenyewe.

"Mdogo wangu, mmeniletea dawa ya kikohozi? Yananiwasha!"

"Ndiyo mafuta bora hayo, kaka. Yana medali."

"Medali mvalishe punda. Nimenusa mara mbili, sikuona kitu. Yetu yako wapi?"

"Hayo ya zamani yalikuwa mabovu, Antun. Lukra anasema…"

"Najua yalikuwa mabovu! Nimekuuliza yako wapi." Kisha sauti ikawa ndogo. "Maana kama ndivyo mafuta ya nyumbani yalivyo siku hizi, Kuzma, hata nikirudi sitajua nimefika."

Kuzma hakula siku hiyo. Vuli iliyofuata alianza kutoweka. Akatuaga anakwenda kukarabati ukuta, ukuta hauonekani umekarabatiwa. Lukra ndiye aliyefuata harufu mpaka kwenye zizi la zamani la nguruwe, akakuta hodhi la mawe limejaa zeituni zinazoelea kwenye maji ya bahari, na baba yake ameketi pembeni kama mlinzi.

"Baba! Hiki nini?"

"Zeituni."

"Hizi zilikuwa zeituni. Kesho kutwa nina waonjaji kutoka Zagreb! Watu wenye pua kama mbwa wa kuwinda! Wakinusa hili, jina la Balarin limekwisha."

"Basi wapitishe njia ya juu."

"Na utakamua wapi? Kwenye kinu changu haziingii, nakwambia kabisa. Sitakipata safi tena mpaka nizeeke."

"Nani kakuomba kinu chako? Nina miguu."

Wakanuniana mpaka Krismasi. Mwisho wakapatana hivi: Lukra hatauliza, na Kuzma hatafanya karibu na nyumba. Ndipo akaanza kuzitia zeituni kwenye magunia, anayafunga kamba na kuyazamisha kule ghubani, chini ya mwamba. Zikiiva kwa ubovu wake tulizikamua mimi na yeye, kama bibi alivyokuwa akifanya kinu kikiharibika: gunia ndani ya hodhi, maji ya moto juu yake, na miguu. Nilimshika bega naye akanishika langu, wazee wawili tumepandisha nguo magotini, tunakanyaga. "Kanyaga, Perina, kanyaga! Unacheza ngoma ya harusi au unakamua?" Mimi nikamwambia, "Nakanyaga kwa heshima, chini humu mna chakula cha kaka yangu." Mafuta yalipopanda juu ya maji aliyaengua kwa kijiko, akaonja, akakunja uso. Akikunja uso sana, alifurahi sana.

Kila mwaka likaenda kopo moja. Kila mwaka Marisol, mjukuu wa Antun, akapiga simu kusema babu amekula. Miaka hii ya karibuni Antun amesahau mengi. Anamwita Marisol kwa jina la mama yetu, na hajui kama ni asubuhi au jioni. Lakini akiwekewa mkate wenye yale mafuta, ananusa, anafumba macho, ananusa tena, kisha anasema, "Kuzma ameshachuma." Siku hiyo anakula mpaka anashiba. Marisol alipotueleza hayo, marehemu alitoka nje akakaa kwenye ngazi za mawe peke yake, na hatukumfuata.

Ugonjwa ulimwanza mwezi Machi mwaka huu wa 2024, ukaanzia kwenye mapafu. Alipelekwa hospitali Split mara mbili, na mara ya pili aliomba arudishwe nyumbani kabla ya mavuno. Zabibu alizisikia zikiingia, akataka apelekewe kikombe cha maji yake kabla hayajachacha, akanywa kidogo. Zeituni hakuziwahi. Alifariki Jumatatu tarehe 21 Oktoba 2024, alfajiri, dirisha likiwa wazi kwa sababu alisema anataka kusikia ngazi zikiegeshwa kwenye miti.

Ameacha watoto wawili, Lukra na Mate. Mkwe wake Ines. Wajukuu watatu, Tonka, Roko na Jere. Mimi dada yake. Na kaka yake Antun, wa Punta Arenas, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja.

Hapo kwa Antun nawaomba mnisikilize vizuri. Ninyi wengi mna jamaa Chile, na simu mnazo. Jumapili iliyopita marehemu alimwita Lukra kitandani, nami nilikuwepo. Alisema kwa pumzi ndogo ndogo, na nayaandika kama alivyoyasema.

"Lukra, mwanangu. Mafuta ya baba yako mkubwa mwaka huu utayafanya wewe."

"Mimi, baba? Yale?"

"Yale. Shangazi yako magoti yamekwisha. Atasimama pembeni akuelekeze na kukutukana."

"Baba, mimi maisha yangu yote nimejifunza kutofanya mafuta kama yale. Pua yangu itakataa, na mkono utafuata pua."

"Utaizoesha. Antun asiambiwe kwamba nimekufa. Msimpigie simu ya msiba, msimtumie picha. Kopo lifike tu kama miaka yote, naye atakula."

Lukra alikuwa analia, lakini ni binti wa Dobrila, hawezi kunyamaza. "Na nikikosea? Yakitoka mazuri je?"

Kuzma akamshika mkono wenye harufu ya majani ya mzeituni, akaupeleka puani kwake, akakaa nao hapo kwa muda.

"Usije ukafanya hivyo," akasema. "Yakitoka mazuri, atajua nimekufa."

Basi, midomo yetu sote tuifunge mpaka Antun naye aitwe. Kaka Kuzma, mwana wa Jeronim, Mungu akulaze pema, ulale bila kungoja mtu njiani. Lukra ameshayatia magunia baharini.