Bi Noeline Pascoe, Aliyetuchelewesha kwa Faida Yetu

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuwachelewesha wateja, Bi Noeline Pascoe anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi. Duka letu la kukodisha zana halijapata kuwa na mfanyakazi aliyelalamikiwa zaidi yake, na sisi wenzake tunalisema hilo kwa fahari.

Alianza upande wa mashine za kukata nyasi. Misumeno ya mnyororo ya umeme ilipoingia dukani, akaitazama kwa wiki nzima bila kuigusa, kisha hakutaka mtu mwingine aiguse. Hakuna aliyetoka na msumeno bila somo. Hiki ni kitufe cha usalama, usipokibonyeza kwa kidole gumba swichi haikubali. Hiki hapa chini hudaka mnyororo ukikatika. Waya upite nyuma yako. Na ncha ya bamba, hili linalobeba mnyororo, isiguse kitu, la sivyo msumeno utakurukia usoni. Merv, mumewe wa ndoa, alisimamishwa kaunta kila kiangazi kama mgeni. Mchungaji naye hakupona.

"Wa petroli unanguruma, watu wanauogopa," alizoea kutuambia. "Huu umenyamaza, basi wanauona kisu cha mkate."

Kuna mwaka meneja wetu, Brett Hingston, aliona somo linafukuza wateja. Akaagiza karatasi ya maelekezo ibandikwe kwenye kila boksi, na akamjulisha Bi Noeline kwamba mwisho wa mwezi nafasi yake itafungwa. Alimjulisha kwa upole mkubwa, huku akitafuna soseji.

Wiki hiyohiyo upepo ukaangusha mikalitusi katika bonde letu zima la Huon. Jumamosi, mvua ikinyesha, foleni ilipita mlangoni ikafika nje kwenye meza tunapowachomea wateja soseji.

"Noeline, mpenzi, leo hakuna shule," Brett alisema. "Wape watu misumeno waende."

Bi Noeline akapanda juu ya kreti, akafundisha foleni nzima.

"Tunalowa huku, mama," mmoja alilalamika.

"Loweni tu. Vidole havioti tena, nguo zitakauka."

Brett hakulowa. Alikuwa ameshachukua msumeno wake kwa mlango wa nyuma, akaenda kusafisha ua wake.

Jumatatu akaurudisha ukiwa umefungwa utepe mwekundu wa zana mbovu. "Takataka tupu hii," alisema. "Nakata tawi, ukaruka juu, kikinga kikanigonga mkono, ukafa. Hauwaki tena. Urudisheni kiwandani."

Bi Noeline akaugeuza. Kikinga cha mkono, kile kilicho mbele ya mshikio, kilikuwa kimelala mbele. Akakivuta nyuma kikalia ta, akachomeka waya, akabonyeza kitufe na swichi, na mnyororo ukazunguka bila tatizo lolote. Kikinga hicho ndicho breki. Msumeno ukikurukia, mkono wako unakisukuma na mnyororo unasimama papo hapo. Meneja wa duka la misumeno alikuwa amekuja kuishtaki breki kwa kosa la kufunga.

Tulingoja amcheke. Hakucheka. Aliuliza tu, "Nani alikuwa ameshika tawi?"

"Tegan," alijibu Brett. Ni mkewe. Akanyoosha viganja kuonyesha mikono ya mkewe ilipokuwa, akaitazama nafasi iliyobaki kati ya mikono hiyo na mnyororo, kisha akakaa juu ya gunia la saruji.

Habari ya kufunga nafasi ya mtu haikusikika tena. Miaka kumi na miwili imepita, na Bi Noeline anaondoka kwa hiari yake mwenyewe. Brett sasa huwakemea wateja wanaotazama saa wakati wa somo.

Bi Noeline, asante. Umetuchosha vibaya, na tunakupenda. Nenda kapumzike na Merv, mle pai za kome bila haraka, na siku zako ziwe nyingi na nyepesi. Wengine tubaki kwa chai siku ya Ijumaa: keki ataioka Tegan, kwa mikono yake yote miwili.