Cyril Bestwick na Injini Zilizoruka Bila Yeye

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto wa birika mnisikilize. Leo tunamkumbuka Cyril Bestwick, fundi wa injini wa hapa hapa Derby, aliyefariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Cyril Bestwick, fundi wa injini. Wengi mlimfahamu kwa sura. Ni yule mzee aliyekuwa akisimama katikati ya barabara kila ndege ilipopita, magari yakimpigia honi.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Cyril alifanya kazi kwenye mabanda ya majaribio ya kiwanda cha injini za ndege. Kazi yake ilikuwa kuwasha injini mpya za ndege za kivita na kuzisikiliza zikinguruma kwa nguvu zote, kabla hazijapelekwa kufungwa kwenye ndege. Zilikuwa injini za silinda kumi na mbili, zinazopozwa kwa maji na dawa ya kuzuia kuganda. Kwa sababu ya maji hayo, injini ilikuwa nyembamba, na pua ya ndege ikachongoka ikapasua hewa vizuri. Lakini maji ndiyo yalikuwa roho yake. Risasi moja kwenye rejeta, kile kifaa cha kupozea maji, maji yanamwagika, na injini inakufa baada ya dakika chache.

Cyril alikuwa na mdogo wake, Lionel. Cyril ndiye aliyemwingiza mdogo wake kiwandani, akamfundisha hata namna ya kushika spana. Kisha Lionel akaenda jeshi la anga, akawa rubani. Cyril naye aliomba. Walimkataa. Walimwambia fundi kama yeye anahitajika Derby. Wasikilizaji, wivu ulianzia hapo.

Mama yao, Bi Ada, aliondoa saa ya marehemu baba yao juu ya meko, akaweka picha ya Lionel akiwa na magwanda. Kwenye baa, wanaume walimnunulia Lionel bia. Cyril, aliyekuwa na afya na mikono miwili, waliangalia nguo zake za kiraia, wakageuza shingo. Na Hilda Yeomans, mchumba wake Cyril, kila akija nyumbani aliitazama ile picha. Aliitazama kwa muda gani? Cyril aliona ni muda mrefu mno.

Jumapili moja ya kiangazi cha mwaka 1940, Lionel alikuja likizo. Bi Ada alikuwa amebana mgawo wa nyama wa wiki nzima ili kijana ale. Mezani Lionel akaeleza vita vya angani. Akasema Mjerumani akibanwa hutumbukiza pua ya ndege chini ghafla na kukimbia. Ukimfuata hivyo hivyo, mafuta kwenye kabureta, pale yanapochanganywa na hewa, yanavurugika na injini yako inakohoa. Injini ya Mjerumani haina kabureta. Yake inapulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda.

"Ya kwao haikohoi," alisema Lionel.

Cyril akaweka uma chini. "Labda tatizo ni rubani."

"Kaka, rubani ndiye anayeibembeleza iwake tena."

Wote walicheka. Hilda pia alicheka. Hicho kicheko cha Hilda ndicho kilichomchoma. Cyril akafuta mdomo taratibu, akasema, "Basi siku moja na izime kabisa, tuone kama picha yako itakurusha."

Bi Ada hakupaza sauti. Alimwambia mwanawe mkubwa atoke mezani kwake. Akatoka. Kesho yake Lionel alirudi kambini, na hawakuagana.

Mwezi uliofuata ikaja simu ya maandishi: Lionel Bestwick hajulikani alipo. Cyril alikwenda kazini kama kawaida. Wenzake wanasema alianza kuzirudia injini zilizokwisha kupita majaribio, akiziwasha upya, akikagua kila mpira wa maji, mpaka msimamizi akamfukuza bandani.

Lionel alikuwa hai. Risasi zilitoboa rejeta yake juu ya bahari, katikati ya Ufaransa na Uingereza. Maji yote yalimwagika. Injini ikaendelea kuzunguka bila maji, ikinuka chuma kilichoungua, mpaka akayaona majabali meupe ya pwani ya Uingereza. Alianguka kwenye shamba la shayiri huko Kent. Mguu ulivunjika, mikono iliungua.

Cyril alisafiri kwa treni kwenda kumwona hospitali. Aliuliza swali moja tu. "Ilizima yenyewe, au uliizima wewe?"

"Yenyewe, kaka. Tumbo la ndege likiwa limeshagusa shayiri."

Cyril akatoka nje ya wodi. Muuguzi alimkuta ukumbini akilia, uso ukutani.

Mngedhani wivu uliishia hapo. La, haukuisha. Lionel aliporudi Derby, mtaa mzima ulijitokeza, gazeti likaandika habari zake. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeijaribu ile injini. Na kile kikohozi cha injini? Mwaka uliofuata kilipunguzwa na kipande kidogo cha shaba chenye tundu katikati, kilichobuniwa na mhandisi mwanamke, tena wa mahali pengine kabisa. Cyril alimwonea wivu na yeye.

Hilda aliolewa na Cyril. Juzi nilikaa naye jikoni kwake. "Nilimchagua yeye," aliniambia. "Lionel hata hakuwa amenitongoza. Nimemwambia Cyril hivyo miaka thelathini na minane. Alikuwa anaitikia tu, hm, hm."

Wiki mbili zilizopita Lionel alikwenda kumwona kaka yake aliyekuwa anazimika. Cyril akamwuliza alichoshindwa kumwuliza muda wote huo: siku ile juu ya bahari, ulinilaani?

Lionel ananiambia alijibu ukweli. "Sikukufikiria, kaka. Niliogopa tu. Nilikuwa naangalia mshale wa kipimo cha joto la injini."

Cyril akasema, "Hata siku hiyo hukunifikiria?"

Akageukia dirishani. Lionel alikaa naye mpaka chai ilipoletwa, akamshikia kikombe kwa mikono ile yenye makovu, na Cyril akanywa.

Bi Hilda, Lionel, na ukoo wote wa Bestwick, poleni sana. Derby inalia pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini. Huenda nyumbani kwenu yuko mtu ambaye kazi yake inawabeba wengine, na hajawahi kuulizwa habari zake. Mwulizeni leo, angali anasikia.