Wateja wa Ng'ambo ya Barabara

Sogeeni karibu, wanangu, nisilazimike kupaza sauti ambayo sina tena. Kheri, keti hapa kichwani pangu. Munira, kaa hapo miguuni unifunike vizuri, maana baridi ya Juni ya Ufipa haina adabu kwa mgonjwa. Nawe Mwanamvua, mke wangu wa miaka arobaini na miwili, usitoke, kwa kuwa yamo kifuani mwangu ambayo hata wewe uliyelala ubavuni kwangu hukuwahi kuyasikia. Mlishangaa nilipokataa chumba cha ndani chenye joto, nikataka kitanda kiwekwe hapa mbele panapotazama barabara, na dirisha lisifungwe. Mkadhani mzee anataka hewa. Sikutaka hewa. Nilitaka kuhesabu wanaoingia dukani kwa Modesti. Jana waliingia sitini na watatu kabla ya adhuhuri, kisha usingizi ukanipitia, nikaamka nikiwa na hasira kwamba nimepoteza hesabu. Mtu anayeaga dunia, na bado anahesabu wateja wa jirani yake: basi jueni mnamsikiliza mtu wa namna gani.

Habari ya mirathi sitawachosha nayo, maana Mwenyezi Mungu aliigawa kabla hatujazaliwa, na Sheikh Abdulnasir atamsomea kila mmoja fungu lake katika nyumba hii, na ile fremu ya duka iliyofungwa hapo chini, na ekari nne za Mwazye. Ninalowausia ni lile ambalo sheikh hawezi kuligawa. Mtaulizwa hapa Majengo, na mmekwisha kuulizwa: kwa nini duka la baba yenu Zubery, lililoanzishwa na baba yake kwa chumvi ya Uvinza, lilikufa, na duka la Modesti, aliyekuja mjini na baiskeli, likasimama? Jibu niliwapa mimi, mkalikariri mkiwa wadogo, mkawajibu nalo wenzenu shuleni. Jibu lile lilikuwa la uongo, na leo nalitengua kabla halijazikwa pamoja nami likaota.

Modesti alitoka Msanzi, kijana mwembamba, magunia mawili ya ulezi nyuma ya baiskeli. Alishuka mbali kwa heshima, akanipa shikamoo, akaomba nafasi kwenye kibaraza changu. Nikamwambia, "Uza, kijana, riziki haina mwenyewe." Neno zuri hilo, likitoka katika kinywa cha mtu ambaye bado hajashindwa! Mwaka wa pili akapanga fremu ng'ambo ya barabara, akauza nilivyouza mimi: majembe, chumvi, sabuni, mbegu za mahindi. Sikujali. Mwaka wa tatu nikaanza kujali, na tangu hapo sikuacha. Wivu, wanangu, hauingii kwa kishindo. Huingia kama vumbi la Agosti, umefunga mlango na madirisha, na bado unalikuta kwenye sahani ya chakula.

Nikawa mlinzi wa duka lisilo langu. Nilijua saa aliyofungua na saa aliyofunga, nilijua sukari yake imebaki mifuko mingapi, na rafuni mwangu mwenyewe sikujua kilichooza. Alipopaka mlango wake rangi ya kijani, nami nikapaka. Alipoleta mbegu, nami nikaleta, ila zangu zilifika wiki tatu baada ya wakulima kurudi makwao, kwa sababu yeye alikuwa akiwauliza watu wa Mwazye kama mawingu yamekwisha kujikusanya, na mimi nilikuwa nikimtazama yeye. Wahenga walionya kwamba usisafirie nyota ya mwenzio; mimi niliisafiria, tena kwa kuchelewa, wakati nyota yenyewe ilikwisha kutua. Kheri mwanangu, usiinamishe kichwa, nataka unitazame. Ulifungua kibanda cha chipsi kwa sababu jirani alifungua, ukakifunga. Ukawa wakala wa kutuma pesa kwa sababu rafiki yako alinunua pikipiki kwa faida ya kazi hiyo, ukauacha uwakala. Sasa unauza makava ya simu. Kila moja ilikuwa biashara nzuri, mwanangu, lakini ya mtu mwingine. Ugonjwa huo hukuuokota barabarani. Ni wangu, nimekurithisha nikiwa hai.

Sasa sikilizeni siri ya Modesti, maana ilikuwa wazi mchana kweupe na mimi peke yangu ndiye sikuiona. Watu wa Mwazye na Msanzi hufika mjini asubuhi, na gari la kuwarudisha haliondoki mpaka alasiri. Kutwa nzima wanazunguka na mizigo: huyu kuku, yule mfuko wa maharage, huyu plau aliyotoka kuinoa. Walizoea kuegemea kibaraza changu, na mimi niliwafukuza, kwa kuwa miguu yao ilikuwa na tope na mizigo yao ilinizibia mlango. "Ondoeni hivyo vitu," nilisema, "wateja watapita wapi?" Wateja walikuwa ndio wao! Modesti akaweka benchi. Akawaambia, acheni mizigo hapa, mzunguke mji mikono mitupu, mtaikuta. Alifunga kila furushi kwa kamba ya katani yenye kipande cha boksi kilichoandikwa jina la mtu na kijiji chake, wala hakutoza hata senti. Mwenye mzigo hana budi kurudi, na anaporudi amechoka, ana kiu, anakaa kwenye benchi, anakumbuka kwamba chumvi nyumbani imekwisha. Wakikaa, wanaongea, wakiongea, Modesti anajua panya wameingia ghala la nani na jembe la nani limevunjika mpini. Hakuhitaji kubahatisha alete nini dukani. Alikuwa ameambiwa.

Mimi niliona nini? Niliona watu wakiingia na vitu vyao, wakitoka hawana kitu, tena wanacheka. Moyo ukaniambia, hilo si duka.

Siku moja nilikuwa nanyolewa kwa kinyozi Zenon, mbele ya wanaume wanne. Zenon, mtu wa utani, akasema, "Mzee Zubery, siku hizi naona dukani kwako nzi ndio wanaopanga foleni. Wanalipa taslimu au wanakopa?" Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nisimsingizie Zenon, utani ni utani, na ulimi ulionena ni wangu. Nilisema, "Chekeni. Ninyi hamjiulizi kwa nini yule bwana anataka mizigo ya watu ilale kwake? Uchawi wa chuma ulete hauhitaji kugusa pesa yako. Inatosha kitu chako kikae chini ya paa lake, na baraka yako inabaki humo." Wakanyamaza. Ukimya wao ulinipendeza, wanangu. Ulinipendeza kuliko pesa yoyote niliyoipata siku ile. Sikuwa nimeona hirizi, sikuwa nimesikia fununu. Nililibuni neno lile, ambalo ndilo jibu nililowapa ninyi, nikiwa na povu la sabuni kidevuni.

Lilisemwa Jumatatu, kabla ya Ijumaa lilikuwa Mwazye. Ulikuwa mwezi wa Novemba, mbegu zimejaa kwake mpaka dari. Wakulima wakapita mbali na mlango ule kama wanaopita penye msiba wa kipindupindu, hata waliokwisha kuacha mizigo waliogopa kuirudia. Bombani wanawake walisogeza ndoo zao mke wake Zita alipofika. Mvua zikanyesha, msimu ukapita, mbegu zikalala humo humo. Ili asifunge, Modesti aliuza jozi ya ng'ombe wa kulimia wa baba yake kule Msanzi, na baba huyo, mzee Yohanes, aliyekuwa na miaka sabini na moja, akalima mwaka ule kwa jembe la mkono. Niliambiwa hayo, nikasema, "Maskini!" kwa sauti ya kumhurumia, kisha nikaenda kusugua kaunta yangu na kupanga sabuni upya, nikiwangoja wateja wavuke barabara waje kwangu.

Hawakuvuka. Hilo ndilo fungu la wosia huu ambalo nataka mlishike hata mkisahau mengine yote. Nilidhani riziki ni maji ya mfereji, ukiyaziba kwa jirani yatageuka yaje kwako. Walikwenda sokoni, walikwenda stendi, walikwenda kwa watu wasiowajua. Kwangu hawakuja, kwa sababu niliwafukuza zamani, na aliyefukuzwa haendi kumtafuta aliyemfukuza eti kwa kuwa rafiki yake ameumbuka.

Na Modesti alifanya nini? Hakwenda polisi, hakwenda kwa mganga, hakusimama sokoni kujitetea. Mizigo ile iliyoogopwa aliipakia kwenye baiskeli, mmoja mmoja, akaipeleka kijiji kwa kijiji, akisoma majina kwenye vile vipande vya boksi. Watu wakafungua mafurushi, wakakuta kila kitu kama walivyokiacha, hata sabuni iliyokatwa nusu. Miezi mitano alifanya kazi hiyo. Baada ya hapo alikuja kwangu bibi mmoja wa Mwazye, Tereza, kununua kiberiti kwa kuwa kwa Modesti palijaa. Nikamuuliza kwa kejeli kama haogopi tena bahati yake kuibiwa. Akaniangalia, akasema, "Baba Kheri, kwako nimenunua chumvi miaka kumi, na mpaka leo hujaniuliza natoka kijiji gani. Yule ameniletea kuku wangu nyumbani, akamlisha njiani. Bahati gani unayoisema wewe?" Akalipa, akavuka barabara. Nilimchukia bibi yule mwaka mzima, kwa sababu aliniambia bure jambo ambalo lingeniokoa.

Basi husema watu kwamba chema chajiuza. Hakijiuzi, wanangu. Chumvi yangu na chumvi yake zilitoka gunia moja. Duka hufa pale mwenye duka anapoacha kumtazama anayeingia akamtazama anayekwenda kwingine, na likifa kwa ugonjwa huo hakuna mtaji utakaolifufua; nimeuza mashine ya kusaga kujaribu, mnajua. Biashara haigombi, walisema wazee, na mimi niligombana na mtu ambaye hakujua kwamba tunagombana.

Kila asubuhi Zita ananiletea uji wa ulezi. Ninyi mnaupokea kwa shukrani, mimi naunywa, na kila kijiko kinanichoma, kwa sababu wana wema wa kugawa na mimi sina, na kwa sababu uji wenyewe ni mtamu kuliko wa nyumba hii. Niwie radhi, Mwanamvua. Miaka kumi na mitatu natafuta siku ya kumwambia Modesti, na kila siku naona afadhali kesho. Lakini haki ya Mungu, Mungu mwenyewe huisamehe. Haki ya mja haifutiki mpaka mja aiachilie kwa ulimi wake. Siwezi kufika mbele ya Mola wangu na ng'ombe wawili wa mzee Yohanes wakinifuata nyuma.

Munira, inuka. Vuka barabara, mwambie Modesti kwamba baba yako anamwita, aje sasa hivi, hata kama duka limejaa. Kheri, niachie mkono. Najua unachotaka kusema: watu watatucheka, jina la ukoo litachafuka. Jina lilichafuka kwa Zenon siku ile; lililobaki ni kulifua. Nenda, binti yangu, nenda.

Akiwa njiani, nimalize. Ile ahadi niliyowafunga nayo, kwamba fremu yangu isiuzwe kwa Modesti wala isipangishwe kwa ndugu yake hata ikikaliwa na popo, naifungua mbele ya mama yenu, fanyeni mtakavyo. Munira akitaka kulifungua duka, Kheri usimzuie, maana yeye huwauliza watu habari zao akasubiri jibu. Wewe, Kheri, katika theluthi yangu ninayoruhusiwa kuusia, toa ng'ombe wawili wa kulimia, wazima, wenye nguvu, uwapeleke Msanzi kwa watu wa mzee Yohanes. Uwaswage mwenyewe, kwa miguu. Njiani ukiulizwa ni wa nani, usifiche. Na siku ya maziko yangu, watu wakijaa barabara nzima, msijidanganye kwamba ni wangu. Watakuwa ni wateja wake waliokuja kwa heshima yake. Wapeni... wapeni chai.

Nipe maji kidogo. Yatosha.

Ndiye huyo? Marahaba, Modesti. Marahaba. Shikamoo yako siistahili, kaa hapa. Usinitazame kwa huruma, utanikatisha. Ni mimi. Lile neno la chuma ulete... nililitunga mimi, kwa Zenon, kwa kukuonea wivu. Hapakuwa na sababu nyingine. Ulikuwa unajaza, na mimi sijazi. Nakuomba radhi, wewe na Zita na baba yako. Sema, nisikie.

Mmesikia, wanangu? Anasema alijua. Zenon alimwambia wiki ile ile. Anasema Kwaresima iliyofuata, yeye na Zita walipiga magoti wakanisamehe, na hawakulizungumza tena. Miaka kumi na mitatu... nimekuwa nikijificha kwa mtu aliyekwisha kuniona. Hata katika kusamehe amenitangulia! Na Mungu shahidi yangu, hata hilo namwonea wivu.

Inueni mikono. Kheri... Munira... mama yenu. Mola awape riziki iliyoandikwa kwa majina yenu, na awape macho ya kuiona ikiingia mlangoni, hata kama miguu yake ina tope. Awatoe katika kifungo nilichokaa mimi. Awape jirani mwema, na awape... awape uwezo wa kumvumilia. Itikieni. Modesti, itikia nawe kwa desturi yenu, amina ni moja.

Sauti yake ina nguvu kuliko zenu. Haya. Hainichomi tena... hainichomi sana.