Mwenye Habari Ndiye Atangaze

Mapadre wetu, wazee, ndugu na majirani mliojaa hapa Gungu, marehemu Marcelina Gervasi alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Bangwe, mtoto wa tatu wa Mzee Gervasi na Mama Eufrasia, wauza dagaa, akiwa mbishi tangu utotoni, na ubishi huo hatuusemi vibaya leo kwa sababu ndio uliomlisha.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, akamaliza kidato cha sita mwaka 2007, akahitimu shahada ya kompyuta Dodoma mwaka 2010, na tarehe 8 Oktoba 2011 alifunga ndoa na Thobias, fundi wa injini za boti, Mungu akawajalia Wema na Wilfred.

Mwaka 2019 aliajiriwa kuunganisha mifumo ya kompyuta ya wenye boti, ya gati na ya hospitali kuwa grafu moja ya GraphQL, yaani mlango mmoja wa kuulizia habari zote, kila mfumo ukibaki na data zake na kupashana habari kupitia dalali wa ujumbe, yaani programu inayopokea habari na kuzisambaza, jambo lililomfanya mama yake aamini mpaka leo kwamba binti yake alikuwa anauza viwanja. Yeye ndiye aliyeweka sheria za skima, yaani mpangilio wa habari hizo: kila habari iwe na mwenyewe mmoja, tukio litangazwe likishatokea, na kitu wanachokitegemea wengine kisifutwe kabla hawajahamia kingine.

Agosti 2022 wakubwa wake walitaka boti itangazwe kuwa imefika kwa kufuata ratiba tu, ili ndugu wa abiria wasisumbue kwa simu, naye akakataa katakata, akapewa onyo, na wiki hiyohiyo boti moja ikazimika injini katikati ya ziwa, na kwa kuwa hakuna aliyedanganywa kwamba imefika, watu walitoka kuitafuta wakaipata, na abiria wote, akiwemo Bi Zuleha aliyeketi pale mbele, wakarudi makwao.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na mwezi uliopita, yeye akiwa bado anakunywa uji wake, binamu mmoja ambaye hatutamtaja alitangaza kwenye kundi la ukoo kwamba ametutoka, rambirambi zikamiminika, naye Marcelina akacheka mpaka akakohoa, akaagiza: "Habari yangu ina mwenyewe mmoja, ni Thobias, na asiitoe kabla haijatokea."

Alifariki alfajiri ya tarehe 19 Juni 2025, mikononi mwa Thobias, ambaye aliandika ujumbe akashindwa kuutuma, hivyo majirani mlikuja kwa kusikia kilio, na sisi wengine hatukutangaza popote, hata binamu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kukesha, na wafanyakazi wenzake, ambao sheria zake bado wanazifuata.

Thobias ameomba amalizie mwenyewe, kwa habari iliyo yake peke yake kuitangaza.

"Marcelina, mke wangu, amefariki. Pumzika sasa, Mama Wema."