Fupi Wapi? Miaka Ishirini na Sita ya Fundi Polycarp

Dar es Salaam, Ijumaa, tarehe 31 Desemba 1982. Wakubwa wa karakana wamenipa kalamu kwa sababu wanasema mwandiko wangu unasomeka, nami nimewaahidi kusema yote, hata yale ambayo mhusika mwenyewe angependa tuyapite haraka. Leo Fundi Polycarp Tarsis anavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia karakana hii ya Mtaa wa Kipata kwa miaka ishirini na sita.

Alikuja kutoka Kibosho mwaka 1956, akiwa na sanduku la bati na mkewe, Mama Celina. Wakati huo karakana ilikuwa ya tajiri mmoja ambaye hakupenda wafanyakazi wapya waguse gia boksi. Polycarp alipewa kazi ya kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Basi alijifunza kwa kuosha. Kila jino la gia lililopita mikononi mwake alilitazama limelika upande gani, akajua dereva wake ana tabia gani. Siku moja alimwambia dereva wa lori, mtu mzima mwenye sharubu, "Wewe kaka unateremka mlima ukiwa umekanyaga klachi." Yule dereva alimtazama mkewe aliyekuwa amekaa naye mbele, akamuuliza, "Umeanza lini kuongea na watu wa karakana?"

Mwaka 1969 mafundi waliunda ushirika na karakana ikawa yao. Baba yangu, Isidori, alichaguliwa kuwa mwenyekiti, na Fundi Polycarp akapewa upande wa gia. Hapo ndipo sifa zake zilipoenea hadi Ilala na Feri. Spea zilipoadimika mjini, yeye alikereza za kwake kwa chuma cha ekseli kuukuu, na malori ya samaki hayakulala. Sikukuu ya Mei Mosi aliwahi kuchaguliwa mfanyakazi bora akazawadiwa redio. Hakuipeleka nyumbani. Ndiyo ile iliyo juu ya kabati la vifaa, inayotangaza mpira na kumaliza betri zetu zote.

Wateja wapya walidhani ana kiburi. Alipokuwa anasikiliza gia boksi aliweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, na hapo hata umsalimie vipi hakuitika. Aliinua kidole tu. Alipomaliza ndipo alipokugeukia akasema, "Marahaba. Nisamehe, lilikuwa linaongea."

Lakini karakana nyingi zina fundi hodari. Sisi tulikuwa na fundi wa "Fupi wapi?", na kwa kuwa vijana wengi hulitumia neno hilo bila kujua lilikotoka, naomba nilieleze.

Ilikuwa mwaka 1978, kabla ya vita vya Kagera. Mimi nilikuwa darasa la sita, na nikitoka shule nilikula chakula cha mchana karakanani, kwa Bi Candida anayewapikia mafundi. Siku hiyo liliingia gari ambalo hatukuwa tumeliona mfano wake: kigari chekundu, kifupi, mlango wake wa nyuma ukifunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku. Injini yake ilikuwa kali kuliko umbo lake. Aliyeendesha alikuwa Thuraya, binti wa Bwana Salem mwenye duka la jumla la sabuni na vitambaa pale Kariakoo. Ami yake alikuwa amemletea gari hilo, na yeye alikuwa amejiandikisha kwenye mashindano ya magari madogo ya kwenda Bagamoyo na kurudi.

Tatizo lilikuwa gia. Liva, ule mti wa kubadilishia gia, ilikwenda mbali mno. Kutoka namba mbili kwenda tatu ilimbidi Thuraya aachie kiti kwa bega zima, na barabara ikiwa na mashimo gia zililia kama mbuzi. Baba yake alizisikia zikilia Mtaa wa Msimbazi, mbele ya wateja wake. Akasema kwamba Jumamosi atapanda naye mwenyewe katika uwanja wa Jangwani. Zikilia tena, gari linauzwa. Mnunuzi alikuwapo tayari, daktari mmoja wa Upanga ambaye alikuwa amekuja mara mbili kuzipigapiga tairi teke.

Thuraya hakuyasema hayo alipofika. Alishuka akasema, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Gari limefanya nini?"

"Halijafanya kitu. Nataka gia fupi."

Fundi Polycarp akasema hiyo ni kazi ya kumaliza kabla ya chai. Akaichomoa liva, akaibana kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa chuma, akaikata shibiri nzima. Akarudisha kitufe cha kushikia juu yake, akaifunga mahali pake, akafuta mikono. Thuraya akaketi, akajaribu. Kweli ilikuwa fupi. Ilikuwa fupi hata kiganja chake kilizama karibu na goti, na kuingiza namba mbili kulitaka nguvu za kung'oa muhogo kwenye udongo mkavu.

"Mzee, umenitengenezea kidole gumba!"

"Si ulisema gia fupi?"

"Safari yake ndiyo iwe fupi! Mkono usitembee hadi kwenye kioo. Mti wenyewe haukuwa na kosa lolote."

Karakana ililipuka kwa kicheko. Baba yangu alisema, "Polycarp, mteja kaja kunyolewa ndevu, wewe umemkata nywele." Bi Candida naye alipaza sauti kutoka jikoni kwake, na kwa kuwa nimeahidi kusema yote, naandika alivyosema: "Namshukuru Mungu hukuwa fundi cherehani, Baba Celina. Mume wangu angekwenda kanisani na kaptula!"

Watu wawili hawakucheka. Thuraya aliegemea usukani akasimulia habari ya Jumamosi, ya baba yake na ya daktari. Fundi Polycarp alisikiliza kama anavyosikiliza gia boksi, kisha akaokota kile kipande alichokikata, akakitia mfukoni. Akasema, "Kosa ni langu. Nilisikia neno, sikuuliza maana. Kesho uje."

Kesho yake Thuraya alikuja na Bwana Nasor, ami yake huyo aliyeleta gari, mwenye duka la spea Mchafukoge. Bwana Nasor alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe. Alikifungua taratibu, mafundi wote wakasogea. Ilikuwa liva ya gia ya dukani, iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya mbio, inang'aa hata ukaweza kujitazama meno.

"Imetoka Maskati," alisema. "Imesafiri ndani ya kanzu za Idi. Funga hii, Mzee, mambo yaishe."

Fundi Polycarp aliifunga. Gia ziliingia kwa mwendo mfupi mtamu, mafundi wakaguna kwa wivu. Ila liva ilikuwa imepinda, na ilipindia upande wa abiria. Kule Maskati usukani uko kushoto, kwa hiyo liva ilikuwa imemwinamia dereva wa kwao. Dereva wa kwetu ilimpa mgongo.

"Si neno," alisema Thuraya. "Nitamwambia baba aingize gia yeye."

"Ipinde tu irudi huku," alisema Bwana Nasor.

Fundi Polycarp aliigonga kwa nyundo ndogo, akaisikiliza inavyolia. Akatikisa kichwa. Chuma kile kilikuwa kigumu mno, alisema, na chuma kigumu ukikilazimisha kinakubali mbele yako, kisha kinakatika uko porini. Akaichomoa, akaifuta alama za vidole, akamrudishia Bwana Nasor ikiwa kwenye kitambaa chake. Wengine walinong'ona kwamba sasa ametia ukaidi juu ya kosa. Zilibaki siku mbili.

Hapo ndipo alipokwenda jikoni kwa Bi Candida kumwomba mwiko.

"Wa nini?"

"Nataka kumpima mtu."

Alimketisha Thuraya kwenye kiti cha gari, akamwambia afumbe macho na anyooshe mkono wa kushoto bila kuitafuta gia, kama anavyonyoosha mkono kupokea chenji. Pale mkono ulipotua, akausimamisha mwiko. Ulikuwa mrefu kidogo, akakata. Akamwambia arudie. Akakata tena kidogo. Bi Candida alikuwa mlangoni akiuangalia mwiko wake ukiondoka vipande vipande. "Endelea tu," alisema. "Leo ugali utausonga kwa bisibisi."

Alipopata kimo, akatuchorea kwa chaki sakafuni ili hata mimi nielewe. Liva ya gia imesimama juu ya gololi. Juu ya gololi ni sehemu tunayoishika, chini yake kuna mguu mfupi unaosukuma gia. Yeye alikuwa amepunguza juu, ndiyo maana mkono ukazama na kazi ikawa nzito. Dawa ilikuwa kuongeza chini. Mguu ukirefuka kidogo, kiganja hakina haja ya kwenda mbali, na kitufe kinabaki pale mkono unapotua wenyewe. Akakereza mguu mpya kwa chuma cha ekseli. Kile kipande alichokitia mfukoni akakichomelea juu, akakipunguza kikawa sawa na mwiko, akakiinamisha kidogo upande wa kulia. Mahali palipoungwa alipasugua mpaka ukipapasa hupaoni. Liva haikung'aa. Ilikuwa nyeusi kama sufuria.

Jumamosi asubuhi mafundi wengi walijikuta wana shughuli Jangwani, na baba yangu alinichukua. Yule daktari alikuwapo pia, amesimama kando ya gari lake mwenyewe. Bwana Salem aliketi upande wa abiria na kofia yake, akautazama mkono wa binti yake, si barabara. Gari likaondoka. Namba moja, mbili, tatu. Likapita kwenye makorongo ambako ng'ombe hunywa maji, likaruka, likashuka gia, likapanda tena. Tulitega masikio. Hatukusikia mbuzi hata mmoja.

Liliposimama, Bwana Salem alishuka akatikisa vumbi kwenye kofia. "Daktari," alisema, "zile tairi ulizozipenda, tutakutafutia nyingine."

Thuraya hakushinda mashindano ya Bagamoyo. Alimaliza, na magari kadhaa yaliyoanza mbele yake yalirudi yakivutwa kwa kamba. Baada ya hapo wenye magari walianza kuja wakitaka gia fupi, na kila mmoja Fundi Polycarp alimuuliza kwanza, "Fupi wapi?" Neno likatoka nje ya karakana. Fundi cherehani wa jirani humuuliza hivyo mteja wa gauni. Mama yangu huniuliza hivyo nikimwambia hotuba ya mwalimu mkuu ilikuwa fupi.

Mzee Polycarp, vijana uliowafundisha gia wamo humu na wengine wametawanyika mikoani, na malori wanayoyatengeneza yanapanda milima bila kulia. Kwa niaba ya ushirika tunakushukuru kwa mikono yako, na zaidi kwa kusema "kosa ni langu" mbele ya watu waliokuwa wanacheka. Wewe na Mama Celina mwende salama Kibosho, mpate afya na majirani wema, na migomba iwakubali.

Nina swali moja, na naomba ulijibu kwa basi la kwanza litakalotoka Moshi. Thuraya bado ana kigari chake. Ameahidi kwamba nikimaliza kidato cha nne mwakani atanifundisha kuendesha, na baba amekubali. Juzi aliniketisha, akaniambia nifumbe macho na kunyoosha mkono. Mkono wangu ulitua chini kidogo ya kitufe, upana wa vidole viwili. Thuraya anasema liva iguswe, kwa sababu gari ni la kuendeshwa. Baba anasema hakuna fundi hapa atakayethubutu kutia msumeno kwenye kazi yako. Je, Mzee, niuzoeze mkono wangu ufuate kipimo cha Thuraya, au unaturuhusu tuikate?