Kidonge Namba Kumi na Moja cha Dada Yetu

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Vidonge, na naomba mnivumilie nitakapokwama.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi redio, akamaliza sekondari Novemba 1980 na chuo kikuu Juni 1985, na tangu utotoni alikuwa akizichokonoa redio za baba kutafuta kile kijiti cheusi kinachonasa mawimbi, ambacho baadaye alijua kuwa ni feriti, yaani oksidi ya chuma iliyochomwa na madini mengine ikawa na usumaku.

Tarehe 2 Septemba 1986 aliajiriwa maabara, chumba cha mwisho kwenye korido, chenye tanuru moja na dirisha lisilofunga, na kwa miaka ishirini na saba aliondoa nikeli iliyomo ndani ya feriti kidogo kidogo akaweka zinki mahali pake, akisaga unga kwa mkono, akiubana kuwa vidonge, akivichoma na kuvipima, mpaka akajua zinki kiasi gani huongeza usumaku, ikizidi wapi huupunguza, na umeme kiasi gani hupotea ndani ya kila kidonge.

Alifunga ndoa tarehe 14 Mei 1988 na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa binti mwaka 1990 na mvulana mwaka 1993, waliokua wakijua kwamba siku ya tanuru mama haulizwi kitu.

Mwaka 2013, alipolazwa kwa maradhi ya figo, alimkabidhi daftari lake mwenzake wa meza ya pili, waliyekula naye sahani moja miaka kumi na sita, aliyemwita pacha wangu, na tarehe 6 Februari 2014 matokeo yote yakachapishwa kwa jina la pacha peke yake, na wakubwa wakamwambia dada alete ushahidi.

Ushahidi alikuwa nao. Kidonge namba kumi na moja alikichoma akasahau kufunika chombo, zinki ikatoroka kwa joto, kipimo cha upotevu wa umeme kikaruka mara nne, naye, kwa ile tabia yake ya kuandika makosa yake nyuma ya kifuniko cha kasha la vidonge na si daftarini, alieleza huko kwa penseli, daftarini akaacha kipimo tu, hivyo pacha, asiyejua, akalichapisha kosa lile kama ugunduzi. Dada hakukipeleka kifuniko popote, alisema pacha atakuja mwenyewe kumuuliza habari za namba kumi na moja, na kwa miaka tisa kila gari liliposimama nje alichungulia dirishani. Hakuja, na sisi imetuuma, sitaficha.

Figo zilimzidi Januari 2023, akafariki Jumanne tarehe 17 Oktoba, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu, majirani waliompeleka hospitali mara tatu kwa wiki, na wafanyakazi wenzake wote, pamoja na pacha wake, tunayemwona amesimama karibu na mlango: pacha, kasha liko hapa mezani na kifuniko chake, dada alituagiza tukukabidhi bila neno, na ndani vidonge vyote vipo, pamoja na namba kumi na moja.

Dada, amekuja, acha sasa kuchungulia dirishani, upumzike kwa amani.